Njia ya Mwongo Fupi

Kila kaskazi inapoanza kuvuma, meli kubwa za matembezi huonekana tena mbele ya Unguja. Nyengine hufunga gati bandarini Malindi, nyengine hutia nanga nje na kuwashusha abiria wao kwa mashua ndogo. Wazee wanaobarizi Forodhani huzitazama kama watu wanaotazama mji mwengine ukielea, na watoto huhesabu ghorofa zake. Huko ndani abiria wamekwisha kuamua, jana yake au miezi kabla, nini watakiona na nini hawatakiona. Wameamua kwa kusoma orodha ya matembezi ya nchi kavu: Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, kisiwa cha Changuu, msitu wa Jozani. Pembeni mwa kila tembezi limeandikwa neno moja la kupimia jitihada: rahisi, wastani, gumu.

Kwa mwenye miguu mizima neno hilo ni pambo tu. Kwa anayetembea kwa mkongojo, au anayekwenda kwa kiti cha magurudumu, neno hilo ndilo safari yenyewe. Kwalo atashuka au atabaki melini. Kwalo atarejea na cha kusimulia, au atarejea amebebwa mikononi mwa watu asiowajua. Na neno hilo, mara nyingi mno, halikupimwa na mtu yeyote.

Wahenga waliposema njia ya mwongo fupi, walikusudia kwamba mwongo hafiki mbali. Katika orodha hizi methali imepata maana ya pili: njia yenyewe hufupishwa kwa maneno. Mwendo wa saa mbili juani huitwa matembezi mafupi. Ngazi huitwa vidato vichache. Kushuka kutoka mashuani na kukanyaga maji yafikayo magotini huitwa kuwasili ufukweni. Hapana hata neno moja kati ya hayo ambalo ni uongo mtupu, na ndiyo maana yanadumu. Kila mwaka huchapishwa tena, na kila mwaka kuna mtu anayeugundua ukweli akiwa amekwisha kulipa, amekwisha kushuka, na basi limekwisha kuondoka.

Wapenzi wa mashairi hawahitaji kufundishwa ubaya wa jambo hili. Mtunzi akileta tarbia ambayo ukwapi wake una mizani nane na utao una tisa, haulizwi kama nia yake ilikuwa njema. Huambiwa kwamba shairi lake ni guni, akalitengeneze. Hakuna anayepokea jawabu ya kwamba mizani ni kama nane hivi. Hesabu hiyo hudaiwa kwa ajili ya sikio, na sikio likikwazwa halivunjiki. Itakuwaje basi hesabu isidaiwe kwa ajili ya nyonga ya mtu mzima wa miaka sabini na mitano, ambayo ikianguka huvunjika? Orodha isemayo "vidato vichache" ni guni. Isemayo "vidato saba, kila kimoja kimo cha sentimita 20, bila ya mahali pa kushikia" imetimiza mizani. Ya pili haina uzuri wowote wa lugha, lakini mtu anaweza kuitegemea.

Kosa la kwanza la watayarishaji wa matembezi ni kudhani kwamba wenye tabu ya kutembea ni kundi moja. Yupo awezaye kwenda mwendo mrefu mradi apate pa kukaa kila baada ya hatua mia mbili; kinachomuumiza si kutembea bali ni kusimama huku mtembezaji akihadithia habari za mlango. Yupo wa kiti cha magurudumu anayeweza kuinuka na kupanda vidato vitatu akishikwa mkono, na yupo asiyeweza hata kimoja. Yupo mwenye kiti cha kukunja kinachoingia katika buti ya teksi, na yupo mwenye kiti cha umeme, kizito kuliko mtu mwenyewe, ambacho vijana wanne hawakiinui bila ya kuumia. Yupo pia ambaye miguu yake haina kasoro, lakini moyo wake haumruhusu kupanda mlima katika joto la Februari. Kuwaambia wote hao kwamba tembezi moja linawafaa ni sawa na fundi anayewashonea wote kanzu moja bila ya kuchukua vipimo.

Kwa hiyo anayechagua hana budi kuuliza maswali ambayo orodha haikuyajibu, na kuyauliza kwa maandishi kabla ya kulipa. Gari litakalokuja lina lifti ya kupandishia kiti, au lina ngazi tu? Kutoka pahala pa kukaa mpaka pahala pengine pa kukaa ni umbali gani? Njia ni ya saruji, ya mawe, ya mchanga au ya udongo? Choo kipo wapi, mlango wake una upana gani, na ndani yake mna kidato? Nani atasukuma, na amewahi kusukuma? Mtu akichoka katikati ya njia, kuna gari la kumrudisha au atangoje mpaka wenzake wamalize? Wakala asiyeweza kujibu maswali haya hajawahi kuikagua njia anayoiuza, na asiyeikagua njia hana haki ya kuiita rahisi.

Wapo watakaosema kwamba sheria zipo. Ni kweli, zipo, lakini hazifiki pwani. Mwaka 2005, katika kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, Mahkama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1990 inayowalinda watu wenye ulemavu inazihusu hata meli zenye bendera za kigeni zinapokuwa katika maji ya Marekani. Umoja wa Ulaya nao ulitunga kanuni mwaka 2010 juu ya haki za abiria wa baharini, wakiwemo wenye tabu ya kutembea. Kwa sababu hizo na kwa sababu ya biashara, meli mpya zina vyumba vyenye milango mipana, lifti na vyoo vya kufaa. Lakini mashua ikisha kuachana na ubavu wa meli, abiria huingia katika mkono mwengine. Matembezi ya nchi kavu kwa kawaida huendeshwa na makampuni ya wenyeji, na mkataba wa tiketi huwa na kifungu kinachosema kwamba mwenye meli hachukui dhamana ya kazi ya makampuni hayo. Mwenye meli humnyooshea kidole wakala, wakala humnyooshea mtembezaji, na mtembezaji huunyooshea mji. Baina yao amekaa mtu mmoja kitini, kwenye jua.

Bahari yenyewe pia ina hesabu yake, na watu wa pwani ndio wasiokuwa na udhuru wa kutoijua. Wakati wa bamvua maji ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4 baina ya kujaa na kupwa. Ngazi ya meli iliyokuwa karibu sawa na gati asubuhi yaweza kuwa mlima adhuhuri. Ufukwe unaofikika kwa hatua tatu maji yakijaa huwa ni mwendo mrefu wa mchanga na mawe maji yakipwa. Kila mvuvi anajua siku za bamvua na siku za maji mafu bila ya kutazama kitabu. Ratiba ya meli hujulikana miezi mingi kabla. Kuyaoanisha mambo mawili hayo, na kumwambia mgeni wa mkongojo ashuke saa gani na arudi saa gani, ni kazi ya nusu saa, na haifanywi.

Yatazamwe basi matembezi yenyewe, moja baada ya jingine. Changuu huuzwa kwa picha ya kobe wakubwa, na kobe ni wanyama wanaofaa kutazamwa na mtu asiye na haraka. Lakini watu hufika huko kwa mashua ndogo za mbao zisizo na kivuko cha kiti, na mara nyingi hushuka ufukweni kwa kukanyaga maji. Kwa asiyeweza kuinua mguu juu ya ubavu wa mashua, tembezi hilo lisiitwe rahisi kwa hali yoyote. Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004, ina njia ya mbao katikati ya mikoko. Lakini kima punju, ambao ndio sababu ya watu wengi kwenda, huonekana mara kwa mara karibu na barabara. Mtembezaji mwema angesema hivyo mapema, na angelileta gari lisimame pale, badala ya kumwacha mtu mlangoni na kumwambia angoje.

Mashamba ya viungo ni fundisho la aina yake. Mvua ikinyesha, njia zake huwa tope na kiti cha magurudumu huzama. Lakini ziara ya viungo si ziara ya miguu hata kidogo. Ni ziara ya pua, ulimi na vidole. Jani la mdalasini hukatwa likafikichwa, karafuu hutiwa kiganjani, kungumanga hupasuliwa ukaonekana utando wake mwekundu. Vyote hivyo huchukulika. Mgeni akikalishwa chini ya mwembe mahali gari linapofika, na kila kiungo kikaletwa mbele yake kwa mpango, hatapungukiwa na kitu, na pengine atapata zaidi ya wale wanaokimbizwa kutoka mti hadi mti. Ziara hiyo ingeweza kutangazwa kuwa bora kuliko zote kwa asiyeweza kutembea. Hutangazwa kuwa rahisi, kisha mtu hupelekwa topeni.

Na Mji Mkongwe? Hapo Mkunazini, vyumba vya chini ambavyo wageni huonyeshwa kuwa walimofungiwa watumwa hufikiwa kwa ngazi, na dari yake humlazimisha mtu ainame. Lakini mnara wa kumbukumbu uliopo uwanjani, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, umewekwa shimoni kwa makusudi ili utazamwe kutoka juu. Aliyekaa kitini huuona kama wengine. Kanisa lilijengwa mahali pa soko lililofungwa mwaka 1873, na habari hiyo husimuliwa vizuri nje kama ndani. Bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa upya mwaka 2009, ina njia bapa na viti. Na mitaani kote zipo baraza. Waliozijenga walijua kwamba mtu anayetembea anahitaji kukaa, na kwamba mji usio na pa kukaa si mji wa watu. Tembezi la baraza hadi baraza, ambalo umbali wake umepimwa na wenye nyumba wameombwa ruhusa, lingemfaa mwenye mkongojo kuliko jambo lolote linaloweza kubuniwa na kampuni ya mbali. Mawe yapo tangu enzi za mababu. Kinachokosekana ni mtu wa kuyahesabu.

Utetezi wa kwanza unaotolewa ni ukarimu. Husemwa kwamba hapa hakuna mgeni anayeachwa. Akishindwa kutembea, vijana watambeba. Kweli watambeba, na watafanya hivyo kwa moyo safi. Lakini kubebwa kuna adabu yake. Aliyeulizwa mapema akaridhia, na akaonyesha mwenyewe mahali pa kushikwa, amesaidiwa. Aliyeambiwa kwamba njia ni rahisi, kisha akanyanyuliwa ghafla mbele ya kadamnasi, kiti kikiyumba na simu zikipiga picha, ametwezwa, hata kama kila aliyemshika alikuwa anatabasamu. Hewala haigombi, ndiyo. Lakini hewala isiyo na hakika humwangusha mtu. Wapo vilevile wanaokimbilia upande wa pili, ambao wakikiona kiti tu husema haiwezekani, bila ya kumuuliza mwenyewe anaweza nini. Hao na wale wa hewala ni ndugu. Wote wawili wameamua bila ya kupima.

Utetezi wa pili una heshima zaidi, nao ni wa urithi. Mji Mkongwe uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na husemwa kwamba mji wa mawe ya matumbawe, vizingiti virefu na mitaa myembamba hauwezi kugeuzwa kwa ajili ya magurudumu. Hoja hii isipuuzwe, kwa kuwa mji huu umeumizwa na wengi waliodai kuutengeneza. Lakini nani aliyeomba ugeuzwe? Mbao mbili za mninga zinazowekwa juu ya kidato asubuhi na kuondolewa jioni haziligusi jiwe. Ávila, mji wa Hispania wenye kuta za karne za kati na ambao nao umo katika Urithi wa Dunia, ndio uliopewa mwaka 2011 tuzo ya kwanza ya Ulaya ya miji inayofikika na wote. Athens iliweka lifti mpya katika ubavu wa Acropolis mwaka 2020. Njia za saruji zilizomwagwa huko juu mwaka huohuo zililalamikiwa na wataalamu wengi, na malalamiko yao yanastahili kusikilizwa. Ndiyo sababu mbao za kuondoka zina hekima kuliko saruji. Tena Unguja haina haki ya kuzungumza kana kwamba lifti ni bidaa. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, hutajwa kwa fahari na kila mtembezaji kuwa ndiyo nyumba iliyotangulia kuwa na lifti katika Afrika ya Mashariki. Mji unaojisifu kwa lifti ya Sultani usione haya kumwekea mbao mbili bibi wa watu.

Utetezi wa tatu ndio dhaifu kuliko yote, na ndio unaosemwa kwa sauti ya chini: kwamba hao ni wachache, ni wageni wa siku moja, ni matajiri, na jioni watakwenda zao. Si kila aliyemo melini ni tajiri. Wapo waliodunduliza pensheni miaka kumi kwa safari wanayojua kuwa ni ya mwisho. Wala si kila mgeni ni mgeni. Kijana aliyeuacha mji huu katika miaka ya 1960 sasa ni mzee wa miaka themanini, huko Maskati au London, na huenda njia pekee ya kuuona tena mlango wa nyumba ya mama yake ni kushuka gatini juu ya kiti kinachosukumwa na mjukuu. Orodha ikimdanganya huyo, haikumharibia likizo. Imemnyima mlango.

Na zaidi ya hao wote, wapo wasioondoka jioni. Hujafa hujaumbika, husemwa katika kila nyumba, kisha husahauliwa katika kila ujenzi. Katika nyumba za ghorofa za Mji Mkongwe wamo wazee ambao ngazi zimewafanya wafungwa. Aliye juu mngoje chini, lakini huyu hakupanda kwa kiburi na hatashuka kwa kungojwa. Wapo wanafunzi wa viti vya magurudumu ambao hawajawahi kuingia katika jengo la makumbusho la mji wao wenyewe. Chombo cha kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe kiliundwa mwaka 1985. Katika muongo huohuo ulianzishwa Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar. Baraza la Wawakilishi lilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja waziwazi haki ya kufika katika makumbusho, majumba ya sanaa, kumbukumbu za kitaifa na sehemu za utalii. Mawe yana mlinzi wake na watu wana mtetezi wao. Kilichobaki ni wawili hao kutembea pamoja asubuhi moja, kutoka Malindi hadi Forodhani.

Asubuhi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji futikamba, daftari, na mkaazi wa mji anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye atalipwa ujira wake kama anavyolipwa mtaalamu yeyote, kwa kuwa hapana aijuaye njia hii kuliko yeye. Kila kidato kihesabiwe na kimo chake kiandikwe. Kila baraza itiwe alama. Kila choo kifunguliwe mlango na kupimwa. Daftari hilo lipelekwe kwa mawakala, na mawakala walipeleke melini, na neno "rahisi" lifutwe katika orodha mpaka litakapokuwa na hesabu nyuma yake. Meli ikikataa kulichapisha, ijulikane kwamba imekataa. Watembezaji wakiona tabu kulisoma, wakumbushwe kwamba mgeni njoo mwenyeji apone haikuwa methali ya fedha tu. Mwenyeji huponywa pia na yale anayolazimika kuyatengeneza kwa ajili ya mgeni, kisha yakabaki kuwafaa wake mwenyewe.

Jioni meli itang'oa nanga na taa zake zitapotea nyuma ya Changuu. Zile mbao mbili zitakuwa bado zimelala juu ya kidato, na bibi wa ghorofa ya chini, ambaye hajavuka kizingiti chake tangu mfungo uliopita, atazikuta hapo.